Muswada Ukirudishwa: Mwongozo kwa Mwandishi Chipukizi

Mwandishi chipukizi wa Kiswahili anapopeleka muswada wake kwa mchapishaji hutarajia kuambiwa ndiyo au hapana, lakini mara nyingi hapati hata kimoja kati ya hivyo viwili. Hupata barua ya mistari mitatu isiyoeleza chochote, au ripoti yenye maneno makali ya msomaji aliyepewa na mchapishaji kazi ya kuupima muswada, au kimya kinachoendelea hadi mwenyewe anaona haya kuuliza. Waandishi wengi tunaowapoteza hupotea hapo. Hawakufundishwa namna ya kulisoma jibu walilopewa, wakadhani mchapishaji amekihukumu kipaji chao chote, ilhali alikuwa akiamua kuhusu kurasa fulani, katika mwaka fulani wa biashara yake. Maelezo yafuatayo yanakusudiwa kumsaidia mtu aliyekataliwa, au aliye katikati ya kungoja, ili aijue kazi iliyo mbele yake na aifanye.

Siku za kwanza

Uchungu wa kukataliwa ni wa kweli na haufai kubezwa. Mtu aliyeandika usiku baada ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi, au alfajiri kabla ya kufungua duka, ametoa sehemu ya maisha yake ambayo hakuna barua ya pole inayoweza kuirudisha. Jipe siku kadhaa za kutoufungua muswada kabisa. Katika siku hizo yapo mambo machache ya kujizuia nayo: usimjibu mhariri siku hiyohiyo, usiyapeleke malalamiko yako kwenye kundi la WhatsApp la waandishi wala kwenye ukurasa wako wa Facebook, na usifute chochote. Nyumba zinazochapisha fasihi ya Kiswahili ni chache, watu wake wanajuana, na mhariri uliyemtolea maneno leo anaweza kuwa ndiye atakayeupokea muswada wako wa pili akiwa ameshahamia kwingine. Hifadhi nakala ya muswada mahali pawili, mojawapo ikiwa barua pepe yako mwenyewe, kwa sababu kompyuta huharibika na simu huibwa bila kujali kwamba mwenyewe alikuwa amekasirika na hataki kuuona muswada wake.

Watu wa nyumbani nao wanahitaji kufikiriwa mapema. Shangazi atauliza, jirani atauliza, mwalimu mwenzako atauliza mbele ya watu: kile kitabu kimefikia wapi? Andaa jibu moja la kweli na fupi, kwa mfano, “Kimerudi, nakifanyia kazi kabla ya kukipeleka kwingine.” Jibu la namna hiyo humridhisha muulizaji bila kumdanganya, na hukuepusha na kuisimulia habari nzima mara kumi kwa watu ambao hawakukusudia kukuumiza. Habari nzima mwelezee mtu mmoja tu unayemwamini. Si lazima awe mwandishi. Inatosha awe na subira ya kusikiliza bila kukimbilia kusema kwamba mchapishaji hajui kazi yake, maana faraja hiyo ni tamu lakini haikusogezi hata ukurasa mmoja.

Ijue biashara iliyoiandika barua hiyo

Barua ya kukataa haisomeki vizuri mpaka msomaji wake awe anajua mchapishaji anaishi kwa nini. Katika Afrika Mashariki nyumba za uchapishaji zimeishi kwa kiasi kikubwa kwa vitabu vya shule. Nchini Kenya kitabu cha shule huhitaji kupita mikononi mwa KICD, taasisi ya ukuzaji wa mitaala, na riwaya au tamthilia inayoteuliwa kutahiniwa katika shule za sekondari huuzwa kwa wingi ambao wateja wa kawaida wa duka la vitabu hawawezi kuufikia. Nchini Tanzania, katika miaka ya 2010, kazi ya kuandaa vitabu vya kiada ilirudishwa kwa Taasisi ya Elimu Tanzania, na wachapishaji binafsi wakabaki zaidi na vitabu vya ziada. Mapato ya vitabu vya kiada ndiyo yaliyokuwa yakimpa mchapishaji nguvu ya kujaribu riwaya ya mtu asiyejulikana au diwani ya mashairi ambayo ingeuzwa polepole kwa miaka kumi, na mapato hayo yalipopungua, ujasiri huo nao ulipungua.

Kwa hiyo mhariri anayeusoma muswada wako, hata akiupenda kwa dhati, hukaa nao akijiuliza maswali ambayo hayamo katika hadithi yenyewe. Je, shule zitakikubali kitabu hiki, au kuna sura ya mapenzi itakayoleta malalamiko ya wazazi? Kurasa 400 zitagharimu karatasi kiasi gani, na msomaji wa Mwanza au Kisumu atamudu bei itakayotokana na karatasi hizo? Tayari tunacho kitabu kingine kuhusu ndoa za utotoni au rushwa? Bajeti ya mwaka imebaki na nafasi ngapi? Nikiziweka pamoja sababu za kukataa ninazozijua, nyingi kati yake ni za aina hii, na ni mbili tu zinazoigusa kazi ya mwandishi moja kwa moja: kwamba lugha imejaa makosa, au kwamba hadithi haijaiva. Tatizo ni kwamba barua hiyohiyo moja, yenye maneno yaleyale, hutumwa kwa sababu zote. Mwandishi aliyekosa nafasi katika bajeti na mwandishi ambaye muswada wake haukupita ukurasa wa tano husoma sentensi ileile isemayo kwamba muswada haulingani na mpango wa uchapishaji wa sasa.

Namna ya kulisoma jibu

Ukipata barua ya namna hiyo isiyo na maelezo, usiipekue kutafuta maana iliyojificha katika kila neno. Inakuambia jambo moja tu, kwamba nyumba hiyo haitauchapisha muswada huo kwa sasa. Haikuambii urekebishe nini, na ni makosa kuanza kuukatakata muswada kwa kubahatisha. Kinachotakiwa ni kutafuta maoni kwingine kabla ya kubadilisha chochote: kwa wasomaji wawili au watatu wasio ndugu zako, mmoja wao akiwa mtu anayesoma riwaya kwa mapenzi tu bila kuzifundisha. Wape swali moja rahisi, “Ulichoka ukurasa wa ngapi?” Swali hilo hujibiwa kwa ukweli zaidi kuliko “Umeionaje?”, ambalo kwa adabu zetu hujibiwa “Nzuri sana, hongera.”

Ikiwa barua imekuja na ripoti ya msomaji wa mchapishaji, umepewa kitu chenye thamani hata kama kimeandikwa kwa ukali. Isome mara moja ukiwa umekaa, iweke, kisha irudie baada ya siku chache ukiwa na kalamu. Tuchukue mfano wa kubuni wa ripoti yenye malalamiko mawili yanayorudi mara nyingi katika miswada ya kwanza: “Mwanzo unachelewa” na “Mazungumzo hayana uhai.” Kila lalamiko liandike juu ya karatasi yake, kisha fungua muswada utafute mahali linapoonekana. Riwaya nyingi za kwanza huanza hivi:

“Kijiji cha Mwembeni kilikuwa kijiji kizuri kilichozungukwa na milima na mabonde ya kupendeza. Wakazi wake walikuwa wakulima hodari walioishi kwa upendo na ushirikiano.”

Hakuna kosa la sarufi hapo, na ndiyo maana mwandishi haoni tatizo. Lakini msomaji hajakutana na mtu yeyote, wala hana sababu ya kugeuza ukurasa. Ukiendelea kusoma muswada huohuo unaweza kuikuta, ukurasa wa 14, sentensi kama hii: “Zuhura alizihesabu tena fedha za mchango wa msiba, na kwa mara ya tatu zikapungua shilingi elfu arobaini.” Mwanzo wa riwaya uko hapo. Kurasa kumi na tatu za nyuma hazikuandikwa bure, kwa sababu ndizo zilizomsaidia mwandishi kukijua kijiji chake, ila msomaji hahitaji kuzipitia zote ili amfikie Zuhura. Kilima kinaweza kutajwa Zuhura anapokipanda kwenda kwa mwenyekiti wa kamati.

Kuhusu mazungumzo, soma kwa sauti. Mama katika muswada anamwambia mwanawe, “Mwanangu mpendwa, nakusihi uzingatie masomo yako kwa kuwa elimu ni ufunguo wa maisha.” Mama huyohuyo, akiwa nyumbani kwake Mbagala jioni, angesema, “Juma, hebu njoo hapa. Nimeitwa shule tena. Mara ya ngapi hii?” Mtindo wa kwanza umetoka katika insha za mitihani, na wengi wetu tuliufundishwa tukazawadiwa alama kwa kuutumia. Ripoti inayosema mazungumzo hayana uhai haikunyimi kipaji. Inakuonyesha tabia uliyoibeba kutoka darasani, na tabia hiyo inaweza kuachwa kwa mazoezi ya wiki chache.

Maoni gani ufuate

Si kila maoni ya msomaji wa mchapishaji ni sahihi, na hapa mwandishi chipukizi huyumba pande zote mbili: ama anakataa yote, ama anatii yote mpaka muswada unapoteza sura. Kipimo ninachokipendekeza ni hiki: wasomaji wawili wasiojuana wakilalamikia mahali palepale, pana kasoro hapo, hata kama kila mmoja ametaja sababu yake na dawa wanazozipendekeza hazifanani. Dawa unaweza kuikataa, kwa kuwa kitabu ni chako na wewe ndiye unayejua kinaelekea wapi. Kasoro yenyewe usiikatae.

Maoni ya lugha yanahitaji uangalifu wa pekee. Makosa ya tahajia, ngeli zilizovurugika na uakifishaji hovyo hayana utetezi, na mwandishi anayepeleka muswada wenye makosa hayo anamwomba mhariri asiusome. Lakini mtu aliyekulia Mombasa, Pemba au Lubumbashi anaweza kuambiwa “sanifisha lugha” kila mahali, hata pale mhusika wake anapozungumza na bibi yake. Ushauri wangu ni kusanifisha usimulizi na kuitetea kauli ya mhusika, ukimweleza mhariri kwa sentensi mbili za heshima kwa nini umefanya hivyo. Wahariri wengi hukubali wanapoona kwamba umefanya kwa makusudi.

Halafu yapo maoni kuhusu maadili, ambayo hayana jibu moja. Riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, iliyotoka mwaka 1971, ilipigwa marufuku shuleni, na mashairi yake huru ya miaka iliyofuata yalizua mjadala mkali na washairi walioshikilia vina na mizani. Leo huwezi kufundisha historia ya fasihi ya Kiswahili ukamruka. Sisemi kila muswada unaokataliwa kwa maadili ni wa aina hiyo. Mingine ina sura za mapenzi zilizowekwa kuvutia tu, na zikiondolewa hakuna kinachopungua. Amua kwanza unamwandikia nani. Ukitaka kitabu kiingie shuleni, fuata masharti ya shule bila kinyongo, kwa kuwa watoto wanastahili waandishi waliowafikiria. Ukiwa umewaandikia watu wazima, mtafute mchapishaji anayewauzia watu wazima, na usimlaumu wa vitabu vya shule kwa kushindwa kukipokea.

Kimya

Kimya ni aina ya kukataliwa inayotesa kuliko nyingine, kwa sababu mtu hajui kama aendelee kungoja au aage. Dawa yake ni utaratibu. Kuwa na daftari lenye jina la muswada, mchapishaji, tarehe ya kuuwasilisha, jina la aliyeupokea, na jibu. Kabla ya kuuacha muswada mahali popote, uliza usomaji huchukua muda gani, na kama wanakubali usomwe na mchapishaji mwingine wakati huohuo. Kama hukuambiwa muda wowote, miezi mitatu ni subira ya kutosha kabla ya kuuliza, na barua inaweza kuwa fupi kama hii:

“Ndugu Mhariri, tarehe 4 Machi niliwasilisha kwenu muswada wa riwaya wenye kurasa 180, ambao jina lake limetajwa hapo juu. Naomba kufahamu kama umeanza kusomwa na lini ninaweza kutarajia uamuzi. Nitashukuru kwa jibu lolote, hata likiwa la kutouchapisha, ili nijue hatua inayofuata.”

Sentensi ya mwisho ni muhimu, kwa kuwa wahariri wengi hukaa kimya kwa kuona vibaya kusema hapana, na wewe umewaondolea uzito huo. Kimya kikiendelea miezi mitatu mingine, andika barua ya pili ukiwajulisha kwamba unauondoa muswada kwao, washukuru, kisha uwe huru. Usifike ofisini kila wiki, wala usimpigie mhariri simu usiku.

Milango mingine

Shaaban Robert, ambaye leo jina lake liko kwenye shule na mitaa, hakuona kazi zake zote zikichapwa. Kufikirika, kilichoandikwa katika miaka ya 1940, kilitoka mwaka 1967, miaka mitano baada ya kifo chake. Wakati muswada mmoja ulipokuwa umekwama mahali, kazi nyingine zilikuwa zikienda mbali: baadhi ya vitabu vyake vilichapishwa na Chuo Kikuu cha Witwatersrand huko Johannesburg, maelfu ya kilomita kutoka Tanga. Mwandishi chipukizi wa leo ana milango iliyo karibu zaidi ya hiyo, na anapaswa kuibisha yote kwa mpango.

Tuzo zinazopokea miswada ambayo haijachapishwa ni mlango wa kwanza. Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, hupokea miswada pamoja na vitabu vipya. Nchini Tanzania ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa mwaka 2023. Soma masharti yote kabla ya kutuma, kuanzia idadi ya maneno hadi kutoweka jina lako ndani ya muswada pale inapotakiwa hivyo, na ujue kwamba kutoshinda kwa kawaida hakuji na maelezo yoyote. Kuchukulie kama ile barua ya mistari mitatu.

Mlango wa pili ni wenzako. Vyama kama UWARIDI, unaowaunganisha waandishi wa riwaya nchini Tanzania, huwakutanisha chipukizi na watu waliokwisha kupita njia hiyohiyo, na saa moja ya mazungumzo na mtu aliyewahi kusaini mkataba wa kitabu ina manufaa kuliko miezi ya kukisia peke yako.

Kujichapishia ni mlango wa tatu, na nisingependa udharauliwe. Ben R. Mtobwa, ambaye riwaya zake za upelelezi zilipita mikono mingi katika mabasi na mabweni, alianzisha nyumba yake mwenyewe, Heko Publishers. Lakini yeye alikuwa akiujua uandishi na soko, na hakuwa anakimbia aibu ya kukataliwa. Usijichapishie katika mwezi uleule uliorudishiwa muswada. Ufanyie kwanza marekebisho, mlipe mhariri wa lugha, omba ithibati ya lugha ya BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, ikiwa unalenga shule za Tanzania, chukua ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, kutoka maktaba ya taifa, kisha chapa nakala chache unazoweza kuziuza kwa mkono wako kabla ya kufikiria mamia. Usikope fedha kwa ajili hii.

Kuna jambo nataka kulisema kwa mkazo. Mtu aliyekataliwa mara mbili tatu ni windo rahisi. Atatokea mtu anayejiita mchapishaji, ataupenda muswada kwa siku mbili bila kuusoma, kisha atakutaka “uchangie gharama” na kusaini karatasi inayompa haki zote za kazi yako. Mchapishaji halisi huweka fedha zake na kukulipa mrabaha, yaani sehemu yako ya mapato ya mauzo. Anayekulipisha wewe ni mtoa huduma ya uchapaji, na hilo si kosa ikiwa atasema hivyo wazi, atataja bei ya kila hatua, na kukuachia hakimiliki yako. Omba mkataba, uende nao nyumbani, umwonyeshe mwanasheria au mwandishi mzoefu. Akikuharakisha, achana naye.

Kuendelea, na kuweka kando

Wakati muswada wa kwanza uko kwa mchapishaji, anza wa pili, hata kama ni kurasa mbili kwa wiki. Mwandishi mwenye kazi moja tu huning'iniza matumaini yake yote kwenye barua moja. Mwenye mbili hulipokea jibu akiwa na kitu cha kurudia mezani. Hadithi fupi zinafaa sana kwa kipindi hiki, kwa kuwa zinakamilika upesi na zinaweza kutumwa kwenye majarida na mashindano.

Muswada uliokwisha kurekebishwa kwa uaminifu, ukapelekwa kwa wachapishaji wote wanaochapisha aina hiyo, na ukarudi kila mara na lalamiko lilelile ambalo huoni tena namna ya kulitatua, uweke kando kwa mwaka mmoja. Usiutupe. Uandikie ukurasa mmoja wa maelezo: hadithi ilikuwa inahusu nini, wasomaji walikwama wapi, na ni sehemu zipi walizozisifu bila kuulizwa. Sehemu hizo zilizosifiwa zichomoe sasa hivi uone kama mojawapo inaweza kusimama yenyewe kama hadithi fupi, na mhusika aliyependwa anaweza kuhamia katika kazi mpya, kwa kuwa bado hajachapishwa popote na ni wako.